Mlango wa Nyuma wa Ukumbi

Fundi Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kila shati lake lilitobolewa na cheche. Mkewe alishachoka kutia viraka.

Siku moja promota wa muziki alifika karakanani.

"Fundi, Jumamosi tuna tamasha la roki ukumbini. Vijana hupita bure mlango wa nyuma. Nichomelee ule mlango usifunguke kabisa."

"Ondoa shaka, bosi. Nikiuchomelea mimi, hata panya atalipa kiingilio!"

Wakacheka. Ijumaa kazi ikaisha.

Jumamosi mchana binti wa Fundi alikwenda tamashani na wenzake. Fundi alikuwa akipiga msasa geti la mteja simu ilipoita.

"Baba! Watu wanapigana! Viti vinarushwa! Tumekimbilia mlango wa nyuma, haufunguki. Wanatubana, baba, siwezi kupumua..."

Simu ikakatika. Mlango ule aliujua kuliko mtu yeyote. Alinyakua nyundo na patasi, akatoka mbio. Jirani yake, mama aliyefanya kazi zimamoto, alimsikia akipaza sauti kuwa watu wamekwama ukumbini, akamfuata huku akiwapigia simu wenzake kazini.

Nyuma ya ukumbi walisikia mikono ikigonga chuma kutoka ndani.

"Tunafungua!" jirani alipaza sauti. "Msisukumane!"

Fundi alipiga pale alipochomelea. Akapiga tena. Kazi yake ilikuwa nzuri mno, naye akaulaani mkono wake. Mlango ulipoachia, watu walimwagika nje. Binti yake alitoka akiburutwa na wenzake, mkono umevunjika. Fundi alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Kesho yake jirani alikuja kumjulia hali mgonjwa.

"Promota anawalaumu wahuni," alisema mke wa Fundi. "Wahuni wanasema mwimbaji aliwachochea. Mwimbaji anawasema walinzi. Wanatupiana mpira tu! Kosa la nani, jirani?"

"Kila mmoja ana lake, mama. Aliyerusha kiti atajibu kwa kiti chake. Aliyechochea atajibu kwa maneno yake. Promota alijaza watu kupita kiasi, akaweka walinzi wachache, akafunga mlango wa dharura. Mwenye ukumbi naye aliyaona, akanyamaza."

"Mimi ni fundi tu," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Niliagizwa."

"Uliagizwa, shemeji, lakini ulijua ndani kutakuwa na watu. Mlango wa dharura haufungwi watu wakiwa ndani. Ukitaka kuwazuia wanaopita bure, weka mlinzi pale, usiweke chuma."

Fundi aliutazama mkono wa binti yake uliofungwa plasta.

"Baba," binti yake alisema, "nenda ukaseme."

Akaenda polisi, akaeleza yote. Alirudi na kesi ya kujibu, lakini usingizi aliupata. Baadaye aliutengenezea ukumbi mlango mpya. Ulifungukia nje, na ndani ulikuwa na chuma cha kusukuma tu, bila kufuli.

Miezi ikapita, likaja tamasha jingine. Binti alirudi nyumbani mapema.

"Vipi, limeisha?" Fundi aliuliza.

"Walianza kupigana, tukatoka."

Fundi aliweka nyundo chini. "Mmetokea wapi?"

"Mlango wa nyuma. Nimeusukuma mwenyewe kwa mkono mmoja."

"Mkono upi?"

Binti aliuinua mkono wake uliowahi kuvunjika.