Spika Iliyoshiba

“Ni zile zile, shangazi!”

“Si zile!”

“Boksi moja, jina moja, duka moja, hata aliyekuuzia ni huyo huyo…”

“Basi huyo huyo ameniuzia nyuki kwenye kopo! Na usinikate kauli, mimi ndiye niliyekufundisha kuongea!”

“Sikukati, nakueleza!”

“Unieleze nini, masikio si ninayo mawili?”

Mimi nilikuwa chini ya kaunta natafuta skrubu. Hakukuwa na skrubu yoyote iliyoanguka.

“Fundi, toka huko,” sauti ya mpenzi wangu ikaniita. “Skrubu haina miguu.”

Nikatoka taratibu kama kobe aliyesikia hatua za watu.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Nyuki wako hao hapo.”

Juu ya kaunta kulikuwa na jozi mbili za spika za kompyuta. Nyeusi, za plastiki, kimo cha kikombe cha chai, kitufe kimoja cha sauti. Ukiziangalia ni mapacha wa tumbo moja. Jozi moja ya shangazi, mwalimu mstaafu aliyemlea mpenzi wangu tangu akiwa na miaka sita. Jozi nyingine ya mpenzi wangu mwenyewe. Alikuwa ameichomoa mezani kwake na kuibeba mpaka dukani ili amthibitishie shangazi kwamba jozi aliyouziwa shangazi ina ubovu na abadilishiwe.

Jasho likaanza kunitoka sehemu ambazo sikujua kama zina vinyweleo.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana hapa mbele pananitisha.

Huyu dada anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, anapanga kurasa za vitabu kwenye kompyuta. Kazi nyingine anaimalizia nyumbani, na hawezi kupanga ukurasa bila muziki. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa na flashi yake mkononi na wimbo mmoja tu wa kupimia.

“Hizi wati elfu moja zilizoandikwa kwenye boksi ni za kweli?”

“Wati za kwenye boksi ni kama sifa za marehemu. Hakuna anayezikagua.”

Akacheka. Nikapotea hapo hapo.

“Na hizi zenye dude la besi la kuweka chini?”

“Chumba chako kikubwaje?”

“Nikiwa nimekaa, nikinyoosha mkono nagusa dirisha.”

“Achana na besi. Itatikisa meza mpaka kalamu zihame, na majirani wakuchukie bure.”

Nikamwekea jozi ya mbao. Ndogo, haina taa wala mbwembwe. Nikazipanga usawa wa masikio yake, moja kushoto moja kulia, yeye katikati, mbali kidogo na ukuta. Wimbo ukaanza. Akafumba macho.

“Amevuta pumzi,” akasema.

“Nani?”

“Mwimbaji. Kabla ya kiitikio, anavuta pumzi. Miaka yote nausikiliza huu wimbo, sijawahi kuisikia.”

Alikuja Jumamosi nne mfululizo kusikiliza ile pumzi bila kununua. Kufikia ya nne tulikuwa tunatoka pamoja. Ndipo nikamjua. Ukimnunulia soda leo, kesho unaletewa soda. Ukimsindikiza, kesho anakusindikiza. Na chochote anachonunua lazima apewe risiti, hata karanga. Nikambatiza Risiti. Akalikubali jina.

“Chukua za mbao, nitakupunguzia,” nilimwambia Jumamosi hiyo ya nne.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu nakupenda.”

“Wewe nipende, lakini bei ya huruma sinunui.”

“Risiti, ni punguzo tu.”

Akaizungusha flashi yake kidoleni. Halafu akasema, “Aliyenichumbia kabla yako, siku tulipoachana alikuja na orodha. Kila alichowahi kunipa. Aliisoma sebuleni, shangazi anasikia, majirani wanasikia. Mpaka chanuo, fundi. Chanuo! Nikaapa, mtu hatanisomea orodha tena. Niwekee zile za plastiki. Nitakuja Jumatatu.”

Mtu mwenye akili angemwekea za plastiki. Mimi akili zangu niliziacha chuoni na mwaka mmoja wa mwisho. Nikanunua za mbao kwa mshahara wangu, nikazifungua, nikatoa koni zake na saketi yake yote, nikaviingiza kwenye maganda ya zile za plastiki, na sponji ndani ili zisitetemeke. Jumatatu nikamwuzia kwa bei ya plastiki, na risiti juu.

Nilijiona mjanja kuliko sungura. Miezi mitatu nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilichosahau ni kwamba mtu akifurahi husema.

“Fundi.” Risiti alinisogezea simu yake pale kaunta, shangazi akitazama. “Soma.”

Lilikuwa kundi la ujumbe la ofisini kwao.

“Dada, ile spika uliyotusifia, yangu inakoroma.”

“Na yangu. Eti unasikia mpaka pumzi ya mwimbaji! Pumzi gani, ya mbu?”

“Muulizeni bwana’ke anamkatia ngapi kwa kila boksi.”

“Wenzangu sita wamenunua kwa neno langu,” Risiti alisema. “Sita. Jana nimeingia ofisini wakanyamaza wote. Mimi! Naonekana dalali. Kwa hiyo nataka uniambie mbele ya shangazi. Shehena iliyokuja baada ya yangu ni mbovu, au siyo?”

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilitakiwa kusema “ndiyo, mbovu,” basi. Nikapita dirishani.

“Inawezekana… umeme wa kwa shangazi…”

“Usiusingizie umeme wangu!” shangazi akawaka. “Weka wimbo!”

Bosi wangu akatoka stoo na kikombe cha chai. Yeye huniita Nusu Injinia, kwa ule mwaka wa chuo nilioacha.

“Nusu Injinia, kuna nini?”

“Hakuna kitu, Bosi.”

“Kuna kitu,” shangazi akasema. “Weka!”

Nikaweka. Kwanza spika za shangazi. Wimbo ukatoka umebanwa pua. Kiitikio kikaingia, pumzi hakuna. Halafu za Risiti. Duka likajaa. Mteja aliyekuwa anachagua waya akageuka. Na kabla ya kiitikio, hiyo hapo, pumzi ya mtu, karibu kabisa kama amesimama nyuma yetu.

Bosi akaweka kikombe chini.

“Hizi si zangu,” akasema. “Mimi siuzi plastiki inayoimba hivi.”

Shangazi alichukua spika moja ya kwake kwa mkono wa kushoto, moja ya Risiti kwa mkono wa kulia, akazipima kama mtu anayechagua mapapai.

“Mbona hii imeshiba,” akauliza, “na hii ina njaa?”

Risiti akazipokea, akapima naye. Akanitazama.

“Fundi. Ndani ya spika yangu mna nini?”

“Risiti…”

“Mna nini?”

“Mna zile za mbao.”

Bosi akaruka. “Umeniibia mali!”

“Sikuiba! Nilinunua, Bosi, stakabadhi ninayo!” Nikaichomoa kwenye pochi, imekunjamana kama sikio la mzee. Bosi akaivalia miwani, akaisoma mbele na nyuma, akatulia.

Nilidhani Risiti atapiga kelele. Afadhali angepiga.

“Lini?” aliuliza polepole.

“Kabla ya ile Jumatatu.”

“Kwa hiyo miezi mitatu yote. Na nilivyokuwa nakusifia hizi spika, wewe ulikuwa unaniangalia tu.”

“Nilikuwa nafurahi unavyofurahi.”

“Sita, fundi. Ulikuwa unawauzia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na unajua nimewadanganya.”

“Nilikuwa naogopa.”

“Yule mchumba wa kwanza aliandika kila kitu. Wewe hukuandika hata kimoja. Mnafanana. Nyote mmeniacha nikae na kitu nisichojua ni cha nani.”

“Ni chako! Sitakudai hata siku moja!”

“Sikukuomba.”

Akazisukuma spika zake upande wangu wa kaunta. Akachukua mkoba.

“Shangazi, twende.”

Shangazi akanitazama toka juu mpaka chini.

“Mtoto wa watu ulikuwa unatosha,” akasema. “Nani alikutuma kuongeza?”

Siku tatu zilizofuata nilituma ujumbe mara kumi na tisa. Sikujibiwa hata nukta. Kila simu ikitetemeka moyo unatangulia kuipokea. Mara ni kampuni ya simu, mara ni mama ananiuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala.

“Nusu Injinia,” Bosi alisema siku ya nne, “unachomea waya kwenye kidole chako.”

“Bosi, nimeharibu.”

“Umeharibu wapi?”

“Kwake.”

“Hapana. Umeharibu kazini kwake. Kwake hakuingiliki sasa hivi. Kazini kuna mlango.”

Nikavua aproni nikaenda.

Ofisi ya kupanga kurasa iko ghorofa ya juu ya kiwanda, mashine za kuchapa zinanguruma chini mpaka sakafu inawasha nyayo. Madawati manane. Kwenye sita kuna spika zangu za plastiki, zimetupwa pembeni nyuma ya makaratasi. Risiti alikuwa dawati la dirishani. Aliniona. Akarudisha macho kwenye kompyuta.

“Samahani jamani,” nikasema. Sauti yangu yenyewe ilikuwa ya plastiki. “Mimi ndiye niliyewauzia hizi spika.”

“Ahaa! Bwana mbu!” jamaa mmoja mnene akasema. Wakacheka.

“Dada yenu hakuwadanganya. Ya kwake nilibadilisha ndani kwa siri, nikaweka spika za bei ya juu. Yeye hakujua. Alichowaambia ndicho alichokuwa anasikia. Na hakuna boksi lililomkatia hata senti.”

“Ulibadilisha kwa nini?” aliuliza mama mmoja, msahihishaji, kalamu nyekundu sikioni.

“Kwa sababu ukimpa anakataa.”

“Kwa hiyo ukaona umwibie kwa kumwongezea?”

Ofisi nzima ikaniangalia. Risiti anabonyeza kibodi, lakini kwenye kioo cha kompyuta yake ukurasa haukusogea.

“Ndiyo,” nikasema. “Nilimwibia ruhusa yake.”

Yule mama akashusha kalamu.

“Anayetaka kurudisha, Bosi amekubali,” nikaendelea. “Anayebaki nazo, nitamwonyesha. Haziwezi kuwa za mbao, sitawadanganya tena. Lakini hapo zilipo zimetazama ukuta. Zitoeni kwenye kona. Ziinueni kwa vitabu viwili viwili, usawa wa sikio, na wewe ukae katikati. Chini yake weka kipande cha sponji.”

Nilipita dawati kwa dawati nikiwapangia. Vitabu vilikuwa tele. Jamaa mnene akaweka wimbo wake, akainamisha kichwa.

“Imepungua kukoroma,” akakiri. “Sasa inapumua tu kama mtu mwenye mafua.”

Wawili walisema watarudisha. Wanne wakabaki nazo. Dawati la dirishani sikulikaribia. Nikashuka ngazi.

Jioni simu ikatetemeka, jina la Risiti.

“Sawa.”

Basi. Neno moja na nukta. Mtu anaweza kuzeeka ndani ya neno moja. Nikampigia Bosi.

“Amesema sawa.”

“Sawa gani?”

“Ndiyo nakuuliza wewe.”

“Ina nukta?”

“Ina nukta.”

“Pole, kijana.”

Jumamosi mvua ilimwagika tangu alfajiri. Barabara ya mbele ya duka ikageuka mto wa maji ya kahawia yanayokaribia magoti. Saa nne, Risiti na shangazi wakaingia. Shangazi amevaa mabuti ya mpira. Risiti viatu vya ofisini, na maji bado hayakuwa yamefika upande wetu, kwenye kituo walikoteremka; cha kurudia kiko ng’ambo.

“Karibuni. Shikamoo shangazi.”

“Marahaba.”

“Naomba spika za plastiki,” Risiti alisema. “Jozi moja. Zifungue hapa nione ndani.”

Nikazifungua. Skrubu moja ikaanguka kweli. Akachungulia: koni nyembamba, saketi ndogo, hewa.

“Ndizo zenyewe?”

“Ndizo zenyewe.”

“Weka wimbo.”

Ukaimba umebanwa pua. Pumzi hakuna. Alisikiliza mpaka mwisho, macho wazi.

“Nachukua.”

Akalipa bei kamili. Nikaandika risiti. Akaisoma, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba, akafunga zipu.

“Zile nyingine ni zako,” akasema. “Zirudishie mbao zake uzisikilize.”

“Sawa.”

“Asante kwa kuja ofisini.”

“Sawa.”

Wakaenda mlangoni. Wakati wanapima spika maji yalikuwa yameongezeka. Ngazi ya kwanza ya duka ilishamezwa. Shangazi akakusanya sketi, akakanyaga na mabuti yake, akavuka mpaka ng’ambo huku akiyatukana mawingu. Risiti akabaki kizingitini, boksi kifuani.

Mwenye mkokoteni aliyekuwa anavusha watu akasogea.

“Dada, panda! Bei ya kawaida!”

Akatikisa kichwa. Mwenye mkokoteni akaenda zake.

Nilitaka kusema neno. Nikajiziba mdomo kwa kiganja. Bosi naye alikuwa amesimamisha kikombe hewani, hanywi, hashushi. Ng’ambo shangazi anapunga mkono, “Vua viatu uvuke, wewe!”

Risiti akageuka. Akampa Bosi lile boksi amshikie. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza wiki nzima.

“Fundi.”

“Naam.”

“Naomba unibebe mgongoni. Mpaka ng’ambo. Na sitakulipa.”