Fulana ya Mume wa Fundi

Mtaani kwao walimwita Mama Sare, kwa sababu alishona sare za shule. Kaptura, sketi, mashati meupe. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa nyuma ya cherehani katika chumba cha mbele. Mumewe alikuwa seremala. Huyu alikata mbao uani, yule alikata kitambaa ndani, na nyumba nzima ilijaa vumbi la mbao na vipande vya nyuzi. Maisha yalikwenda.

Kisha seremala akapata kiharusi. Alianguka asubuhi, akiwa anapima mlango wa kabati. Hujafa hujaumbika. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelegea, na maneno yake yamebaki machache.

Mtaalamu wa mazoezi wa zahanati alimwambia Mama Sare, "Mama, mlete mara tatu kwa wiki. Bega lisipofanyishwa mazoezi litakakamaa. Vidole vitajikunja, vibaki hivyo. Usichelewe."

Shida ilikuwa shati. Shati la vifungo lilitaka mkono urudi nyuma, na mkono ukirudishwa nyuma, seremala alipiga ukelele. Kwenda zahanati amejifunga shuka hakutaka.

"Acha," alisema. Lilikuwa mojawapo ya maneno yaliyobaki.

Wiki ya kwanza hawakwenda.

Jirani alimshauri Mama Sare anunue fulana kubwa. Mama Sare akakunja uso. "Mume wa fundi avae cha kununua? Watu watasema nini?"

Usimcheke sana. Kazi ndiyo ilikuwa heshima yake, na wakati ule hakuwa amebakiwa na kingine. Alinunua kitambaa cha fulana, kile laini kinachovutika, mita nne. Akakikata na kukishona kama anavyoshona mashati.

Mambo yakaenda mrama. Cherehani iliruka mishono. Alipokivuta kitambaa ili kinyooke, kama alivyozoea, kingo zilitoka na mawimbi. Akamvisha hivyo hivyo. Kichwa kiliingia nusu, kikakwama. Seremala alikuwa gizani ndani ya kitambaa, mkono mmoja ukipapasa hewani, asiweze kusema kwamba anakosa pumzi. Mama Sare alivuta kwa nguvu. Uzi wa bega ukakatika, na uso wa mumewe ukatokea umelowa machozi. Katika miaka yao yote ya ndoa, hakuwahi kumwona akilia.

Fulana ya pili aliikata kubwa zaidi. Ilirefuka hadi magotini, lakini kifuani ilibana vile vile. Seremala alipoiona tu mkononi mwa mkewe, aligeukia ukutani.

"Acha."

Wiki ya pili ikapita. Vidole vilianza kujikunja. Mama Sare alivinyoosha kimoja kimoja, vikarudi. Aliketi sakafuni kando ya kitanda. Kweli mganga hajigangi, aliwaza. Nimevisha watoto wa mtaa mzima, na mume wangu hana cha kuvaa. Alikata tamaa, hakuna namna nyingine ya kusema. Hakushona. Hakupika. Wateja walipiga hodi, hakuitikia.

Aliyeingia bila kungoja kukaribishwa alikuwa wifi yake, dada wa seremala. Huyu alifanya kazi kiwandani, kwenye fulana. Huko kila mtu hushona sehemu moja tu, siku nzima. Zamani Mama Sare alipenda kumtania mbele za watu: "Wifi yangu ni fundi wa mkono wa kushoto. Wa kulia anashona mwenzake." Watu walicheka. Wifi naye alicheka, lakini si sana.

Wifi alimtazama kaka yake, akatoka chumbani akifuta macho. Akaziokota zile fulana mbili.

"Wifi, nani kashona hizi?"

"Mimi."

"Wewe? Fundi mkuu?"

"Nicheke tu, wifi. Nimestahili."

"Sina cha kucheka. Kaka yangu anaoza kitandani. Kwa nini hukuniita?"

Mama Sare akasema ukweli. "Niliona aibu kukuuliza wewe."

"Basi aibu yako imemlia wiki mbili."

Neno hilo lilimchoma, na lilikuwa kweli.

"Kitambaa kimebaki?" wifi aliuliza.

"Mita moja na nusu. Hakuna kingine."

"Kilete. Kivute kwa urefu. Sasa kwa upana. Wapi kinavutika zaidi?"

"Kwa upana."

"Basi upana huo ndio uzunguke kifua. Wewe ulikigeuza ili kisipotee bure, sivyo?"

"Ndivyo nifanyavyo kwenye mashati."

"Kitambaa cha shati hakina safari. Hiki kinataka kutembea. Kiache kitembee pale mwili unapohitaji."

Wifi alitoa sindano kwenye pochi yake. "Toa hiyo yako. Ncha yake ni kali, inakata nyuzi za kitambaa na kuruka mishono. Hii ncha yake ni ya mviringo. Inapita katikati ya nyuzi."

"Na mshono?"

"Zigizaga nyembamba, ule wa kwenda huku na huku. Mshono ulionyooka hauvutiki. Kitambaa kikivutika, uzi unakatika. Anza na kipande kidogo. Shona, halafu kivute kana kwamba una ugomvi nacho. Uzi ukistahimili, ndipo uguse nguo."

Mama Sare akashona kipande. Mikono yake ikaanza kuvuta. Wifi akampiga kofi dogo kwenye vidole.

"Usivute! Yaache meno ya cherehani yakivute yenyewe. Wewe ongoza tu."

Mikono ya miaka ishirini na mbili haifundishiki kwa dakika moja. Kipande cha kwanza kilitoka na mawimbi, cha pili pia. Mama Sare alitaka kuacha. Cha tatu kililala tambarare mezani.

Wakapima kichwa cha seremala, kisha wakakata shingo.

"Tundu la shingo ni sentimita sitini," wifi alisema. "Utepe wake kata hamsini. Huu peke yake unauvuta kidogo unaposhona, ulienee tundu. Ukiuachia, unakaza shingo. Lakini hakikisha unavutika kupita kichwa chake."

Mwisho akamwonya kuhusu pasi. "Bandika, inua. Usiiburute."

Kumvisha nako kulikuwa na utaratibu. Wifi aliujua, maana alimuuguza mama yao. "Anza na mkono mgonjwa. Upandishe mpaka begani. Kisha kichwa. Mkono mzima uwe wa mwisho. Wakati wa kuvua, anza na mzima."

Seremala aliiona fulana, akafumba macho. "Acha."

"Kaka," wifi alisema, "mkono wa kushoto nimeshona mimi mwenyewe. Huo hauna kasoro."

Upande mmoja wa mdomo wake ukasogea. Akawaachia mkono. Fulana ikapita bila ukelele.

Siku hiyo hiyo wakaenda zahanati. Mtaalamu aliinua bega, akavijaribu vidole, akavijaribu tena.

"Bega tutaliokoa," alisema. "Vidole, mama, sitakudanganya. Mngekuja wiki ile ya kwanza..."

Walirudi nyumbani. Seremala hatashika tena randa, na Mama Sare alijua kwa nini. Kuna makosa ambayo kuyajua hakuyafuti. Alinunua kitambaa, akashona fulana nyingine tatu, safari hii bila mawimbi. Kila mama aliyekuja kupima sare, Mama Sare alimwambia, "Usichokijua, uliza mapema." Alisema bila kuinua macho.

Wakaendelea na mazoezi, mara tatu kwa wiki, mwezi mzima. Siku nyingi seremala hakusema chochote.

Asubuhi moja Mama Sare alirudi chumbani na maji ya kunawa. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, jasho likimtiririka, anahema. Fulana ilikuwa mwilini.

"Nimevaa," alisema.

Alikuwa ameivaa nyuma mbele. Mama Sare aliweka maji chini. Hakuigeuza. Alipiga magoti, akamfunga kamba za viatu, wakatoka.