Dakika Tatu za Maji

Asubuhi ile sakafu ya bafu la kutokea ilikuwa imelowa, na hakuna aliyekuwa ameingia.

Daktari wa mifugo alikasirika kabla ya kuogopa. Katika maabara ile, ng'ombe wenye homa walikaa nyuma ya milango miwili isiyofunguka kwa pamoja. Hutoki mpaka uvue kila kitu, uoge dakika tatu, taa igeuke kijani. Hata hewa ilichujwa kabla ya kuachiwa.

Ndani, jokofu lilikuwa wazi. Sampuli za wiki sita zilikuwa zimeyeyuka, kwa mara ya nne.

"Fundi, juzi nilikuomba nini?"

"Nimebadilisha komeo, nimebadilisha bawaba. Kilichobaki ni kukubadilisha wewe, kaka."

"Sicheki."

"Hata mimi." Fundi alishusha sauti. "Unasikia marashi?"

Daktari alikuwa ameyasikia, ndani ya barakoa isiyopitisha hata vumbi. Waridi. Marashi ya marehemu mkewe, aliyeuliwa na homa hii hii mwaka juzi. Chanjo aliyokuwa akiijaribu hapa, daktari alikuwa amemwahidi binti yao.

Akampigia msimamizi simu ya ukutani.

"Jaza fomu ya hitilafu," msimamizi alisema.

"Nimejaza tatu, mama."

"Jaza ya nne. Sampuli zikiharibika tena, naufunga utafiti."

Fundi alikuwa akifungasha vyombo vyake. "Bibi yangu angesema mmemfungia kiumbe humu. Nyumba isiyotoa hata hewa, jini atatokea wapi?"

"Bibi yako aje basi, ajaze fomu."

Saa sita mchana daktari alikuwa peke yake. Ng'ombe waliacha kutafuna. Wote wanne waligeuza vichwa kwenye kona moja tupu, na kutoka kona ile sauti ya mkewe ikaanza kumwomba taratibu, "Mume wangu, nifungulie, nimechoka," ikisogea huku harufu ya waridi ikimjaa kooni na mlango wa jokofu ukijifungua kidogo kidogo, kama mtu anayetishia kwa adabu, mpaka hofu yake yote, na fomu zote, na miezi yote ya kuanza upya vikamchemka kwa pamoja.

Mkewe hakuwahi kumwita mume wangu.

"Unataka kutoka?" akafoka. "Oga dakika tatu, kama sisi sote!"

Kisha bafuni maji yakafunguka. Aliyahesabu: dakika tatu kamili. Taa ikageuka kijani, mlango wa nje ukafunguka, ukajifunga. Marashi yakaisha. Ng'ombe wakarudi kutafuna.

Fomu ya nne hakuijaza. Angeandika nini? Alifunga jokofu, akaoga, akaenda nyumbani mapema, mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Alimkuta binti yake, akiwa bado na sare za shule, ameketi mbele ya mlango wa bafu na taulo mapajani. Ndani maji yalikuwa yakimwagika.

"Nani yumo?"

"Shh, baba. Mama. Kasema usigonge, imebaki dakika moja."

Harufu ya waridi ilikuwa imejaa ukumbini. Daktari alimshika mtoto mkono, akamvuta, mtoto hakuinuka.

"Kaniuliza zamani alikuwa anakuitaje akikutania," binti alisema. "Nikamwambia."

Maji yakakatika.

"Profesa," sauti ikaita kutoka ndani, ikicheka, "niletee taulo."