Kebo Iliyovutwa Mara Mbili

Lemayan, rafiki yangu wa Rudewa, aliyasimulia haya mara moja tu, na hakutaka kuulizwa. Ilikuwa mwaka 2002. Kesho yake alikuwa na mtihani wa vitendo wa mitandao ya kompyuta, Morogoro. Alikwisha kuanguka mara mbili kwa kukosea kupanga nyaya za ndani ya kebo, na baba yake alishatamka: "Ukianguka tena, urudi kwenye ng'ombe."

Mchana ule aliingia kufanya mazoezi kwenye ofisi ya zamani ya shamba la mkonge. Madirisha yalipigiliwa mbao, ndani giza totoro. Walikubaliana na Teresia, mwanafunzi mwenzake, aje na koleo la kubania plagi kwenye ncha za kebo. Lemayan apitishe kebo darini, Teresia aipokee chumba cha pili, na akiipata aivute mara mbili.

Akaisukuma, jasho likimtiririka. Mabati yalialika kwa jua. Kisha kebo ikavutwa. Mara mbili.

"Afadhali umefika! Bana hiyo ncha upesi, mwenzio nimekwisha!"

Alisikia tu koleo likibana: kwa! Kwa!

Ghafla mlango wa nje ukafunguliwa. Akaingia Teresia, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Nisamehe, Lemayan, baiskeli ilipata pancha Kilosa. Koleo lenyewe hili hapa."

Lemayan akaanza kuivuta kebo irudi. Ilikuja taratibu, kama mtu anailegeza. Nchani ilikuwa imebanwa barabara, nyaya zote nane kwa mpangilio ule uliomshinda mara mbili, na plagi ingali na joto la kiganja.