Rimoti na Maganda ya Ndizi

Kila Jumamosi, Kokuhirwa akishamaliza kufua sare za shule, kazi iliyofuata ilikuwa kumenya ndizi. Nyumba yao pale Kagondo ilizungukwa na kibanja cha migomba na mibuni, na mama yake, Magdalena, alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Ndizi humenywa jikoni, juu ya jani la mgomba, kisha maganda hufungwa kwenye jani hilohilo na kupelekwa kwa ng'ombe. Sebule ni ya wageni. Kokuhirwa alikuwa darasa la sita sasa, na sheria hiyo aliisikia tangu hajaota meno.

Lakini Jumamosi hii Mama alikuwa ameenda stendi ya mjini kumpokea Bibi. Serafina, binti wa mama mdogo anayeuza samaki visiwani huko Muleba, ambaye aliishi nao ili asome, alikuwa ameenda kuchota maji. Nyumba ikabaki tupu. Kokuhirwa akajiuliza, ah, kuna ubaya gani leo tu? Akabeba ndizi, jani na kisu, akaketi sakafuni mbele ya televisheni. Akachomeka flashi yenye katuni, akawa anamenya huku anacheka peke yake. Rimoti aliiweka hapo hapo kwenye jani, karibu na goti, ili asihangaike kuinuka.

Ghafla akasikia pikipiki ikikata kona kuja kwao. Alijua ni Mama. Alizima televisheni kwa kitufe kilicho chini yake, akachomoa flashi, akalifunga jani harakaharaka na kukimbilia bandani, akamtupia ng'ombe mzigo wote. Kumbe hakuwa Mama. Pikipiki ilipita zake, na Kokuhirwa aliporudi sebuleni kufuta sakafu, hakuiona rimoti.

Alirudi bandani mbio. Aliikuta katikati ya maganda, imekanyagwa na kwato, imepasuka, vitufe vimechomoka na mkojo wa ng'ombe unachuruzika ndani yake. Aliifuta kwa gauni. Alibonyeza kila kilichobaki. Ilikuwa imekufa.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Maduka yalikuwa wazi, na Mama alikuwa mjini hukohuko. Angeazima simu ya jirani na kueleza, angegombezwa, na kabla ya jioni rimoti nyingine ingekuwa mezani. Kokuhirwa aliyajua yote hayo. Lakini hofu ni mshauri mbaya. Alifunua nyasi zilizotandazwa chini ya mgomba, akachimba kwa mikono, akaifukia rimoti na kurudisha nyasi vizuri. Kisha akanawa mikono, akabandika chungu motoni.

Bibi Klaudia hakusafiri kutoka Ijumbi kwa matembezi. Kesho yake, Jumapili, mwanawe wa mwisho, Selestine, angebarikiwa kuwa mchungaji huko Songea. Baba yake Kokuhirwa, mzee Rwegasira, alikwisha kwenda kumshuhudia mdogo wake. Bibi asingeiweza safari ya basi ya namna ile kwa miguu yake iliyovimba. Ila ibada ingerushwa moja kwa moja kwenye mtandao. Simu haikumfaa, kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu na picha ndogo aliziona madoa matupu. Kwenye televisheni kubwa, akiketi karibu kabisa, angeuona uso wa mtoto wake. Mama alikuwa amemwahidi, na Bibi aliishika ahadi hiyo kwa mikono miwili.

Kazi moja tu ilikuwa imebaki. Wiki ile radi ilipiga, nanyi mnazijua radi za Bukoba, ikaunguza kile kifaa cha Wi-Fi. Baba alifunga kingine kabla ya kusafiri, akaunganisha simu ya Mama, lakini televisheni hakuigusa. Bado ilikuwa ikiitafuta Wi-Fi ya zamani. Ilibidi ioneshwe jina jipya na kuandikiwa neno la siri jipya, na kazi hiyo hufanywa kwa rimoti. Mama alisema wataifanya asubuhi wakirudi kutoka ibada ya kwanza, ni jambo la dakika chache. Kokuhirwa alilala akiomba umeme ukatike.

Umeme haukukatika. Asubuhi ile waliporudi kanisani, majirani walianza kuingia, kina mama wa kwaya pamoja na Mwalimu Mutalemwa anayefundisha sekondari. Bibi alikuwa amevaa gomesi, gauni lake refu la sikukuu, ameketi kiti cha mbele, mikono mapajani. Kila aliyeingia, Bibi alimpa mbegu za kahawa za kutafuna na kumwambia kwamba leo watamwona Selestine.

Mama akamwita Kokuhirwa alete rimoti.

Kokuhirwa alijibu kwamba haioni. Mama akamwambia aangalie vizuri. Akaangalia kwenye droo, akijua haimo. Akaangalia nyuma ya kabati, akijua haimo. Kina mama wa kwaya nao wakainuka kusaidia, wakafunua vitambaa vya makochi, wakachungulia chini ya zulia. Mwalimu Mutalemwa alijaribu kitufe kilicho chini ya televisheni, lakini hicho kilijua kuwasha na kuzima tu. Mtu mmoja akasema siku hizi simu inaweza kufanya kazi ya rimoti. Mwalimu akatikisa kichwa. Alieleza kuwa simu huisemesha televisheni pale tu zote mbili zinapokuwa kwenye Wi-Fi moja, na hilo ndilo hasa lililokosekana. Ilikuwa sawa na kutafuta ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba.

"Nani aliishika mara ya mwisho?" Mama aliuliza.

Macho ya watu wote yalikuwa kwa Kokuhirwa. Alifungua kinywa, na maneno yaliyotoka hata yeye yalimshangaza.

"Labda Serafina. Jana alikuwa anafuta meza."

Serafina aliyekuwa amebeba birika la chai alisimama palepale. Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Mama mkubwa, mimi sijaigusa." Mama alimtazama kwa muda, na pengine angemwamini, lakini mmoja wa wale kina mama akanong'ona kwamba watoto wa visiwani wamezoea kuokota vitu vya watu mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Alinong'ona kwa sauti ambayo sebule nzima iliisikia. Serafina akaweka birika chini, akaenda chumbani na kurudi na begi lake. Akalimwaga juu ya mkeka mbele ya wote. Gauni mbili, sare, kanga ya mama yake, madaftari. Rimoti haikuwemo. Alisimama pembeni ya vitu vyake, anatazama miguu yake.

Simu ya Mama ikatoa sauti ya kinanda. Ibada ya Songea ilikuwa imeanza.

Mama aliipeleka simu usoni kwa Bibi. Bibi alikodoa macho, akaisogeza, akaiondoa. "Nasikia wanaimba," alisema. "Simwoni." Kisha, kabla mtu hajamzuia, alishika ukingo wa kiti, akajishusha taratibu mpaka magoti yake mabovu yakagusa sakafu. Akaanza kupapasa chini ya kochi kwa viganja, akipeleka mkono huku na huku na kusema kwamba sisi wenye macho mabovu tuna mikono mizuri, huenda imeanguka huko. Gomesi lake la sikukuu lilizoa vumbi. Mama alimsihi ainuke, naye akajibu kwamba hajasafiri kutoka Ijumbi kuja kukaa bure.

Kokuhirwa hakuweza tena. Machozi yakamtoka.

"Bibi, inuka. Haimo humu. Ng'ombe aliikanyaga ikafa, mimi nikaifukia kibanjani. Serafina hajui lolote."

Kwaya iliendelea kuimba ndani ya simu. Mama alifumba macho kidogo. Kokuhirwa alikuwa tayari kwa kofi, na kwa kweli angelipenda, maana lingekuwa jepesi kuliko kumwona Bibi akiwa bado sakafuni.

"Adhabu yako itasubiri," Mama alisema. "Selestine hatasubiri. Mwalimu, rimoti haipo. Tufanyeje?"

Mwalimu Mutalemwa alishangaa. Alisema muda wote huo yeye aliamini imepotea tu humo ndani, ndiyo maana hakuwaza njia nyingine. Sasa aliinama nyuma ya televisheni, akapapasa palipo na tundu la flashi, akauliza kama kuna mwenye kipanya cha kompyuta, kile cha waya. Televisheni za aina hii, alisema, nyingi hukikubali. Hapakuwa na mwenye nacho. Maduka ya mjini siku ya Jumapili asubuhi yalikuwa yamefungwa. Yeye mwenyewe alikuwa nacho nyumbani, mezani kwake, ng'ambo ya bonde.

Kokuhirwa hakungoja kutumwa. Alishika gauni la Jumapili akashuka bondeni. Njia ilikuwa na utelezi wa mvua ya jana. Alianguka, akainuka, akapanda mlima huku kifua kinamuuma. Mwana wa Mwalimu alimpa kipanya bila kuelewa kitu. Aliporudi amejaa matope, Bibi alikuwa kitini amebana simu sikioni, akiwaeleza wengine anachosikia. Mahubiri yalikuwa yamekwisha. Wanaobarikiwa walikuwa wanaitwa majina.

Mwalimu alichomeka kipanya. Kwa muda hakikutokea kitu, na mtu mmoja akaguna. Kisha mshale mdogo mweupe ukajitokeza katikati ya kioo. Mwalimu akamkabidhi Kokuhirwa kipanya, akamwelekeza aende kwenye mipangilio, kisha mtandao. Majina ya Wi-Fi yalijipanga kwenye kioo, ya kwao na ya majirani. Alichagua la kwao, na televisheni ikadai neno la siri.

Neno hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko chini ya kile kifaa kipya, kwa herufi ndogo sana. Alihitajika mtu wa kusoma. Serafina alipita kando ya vitu vyake vilivyotapakaa mkekani, akakigeuza kifaa, akaanza kumsomea herufi mojamoja. Sauti yake ilikuwa kavu. Kokuhirwa alibofya herufi kwa mshale harakaharaka. Alipomaliza, kioo kikaandika kwamba neno la siri si sahihi.

"Wanapiga magoti sasa," Bibi alisema, simu sikioni. "Askofu anawaita mbele."

Kokuhirwa aliona ukungu wa machozi mbele ya macho yake. Ndipo Serafina alipoinama karibu yake.

"Umeruka herufi moja," alisema. "Anza tena. Nakusomea polepole."

Wakaanza tena. Safari hii Serafina alingoja kila herufi itokee kwenye kioo kabla ya kutaja nyingine. Kokuhirwa akabofya. Duara likazunguka, likazunguka, kisha neno likatokea: imeunganishwa. Mwalimu akachukua kipanya na kuitafuta ibada kwa haraka.

Kanisa la Songea likajaa kwenye kioo. Wachungaji wapya walikuwa wamepiga magoti, na mikono ya wakubwa wao ilikuwa vichwani mwao. Mama alimsogeza Bibi na kiti chake mpaka magoti yake yakagusa meza ya televisheni. Kamera ikapita kwa mmoja, kwa mwingine, ikatua.

"Ni yeye," Bibi alisema. Aliweka kiganja kwenye kioo, juu ya shavu la mwanawe. "Amekonda, mwana wange. Lakini ni yeye." Akalia, na kina mama wa kwaya wakalia naye.

Ibada ilipokwisha, wageni walianza kuaga. Bibi akawaomba waketi kidogo, kwa kuwa kuna kazi haijaisha. Hakusema ni ipi. Kokuhirwa aliijua. Msichana wa Kihaya hupiga magoti akimsalimu mkubwa wake. Hapigi magoti mbele ya mwenzake wa rika moja. Kokuhirwa alivuka sebule na kupiga magoti mbele ya Serafina, watu wote wanaona.

"Nilikusingizia," alisema. "Wewe si mwizi. Mwongo ni mimi. Nisamehe."

Serafina kwanza aliokota kanga ya mama yake mkekani, akaikunja. Yule mama aliyenong'ona aliinamisha uso, akasema naye anaomba radhi. Mwishowe Serafina akamshika Kokuhirwa mkono. "Inuka," alisema. "Nimekasirika bado. Lakini inuka."

Bibi aliwaita wote wawili wakae miguuni pake.

"Kuvunja kitu si ajabu," alimwambia Kokuhirwa. "Vitu huvunjika. Ubaya ulianza pale ulipofukia. Ulifukia rimoti, ukaona haitoshi, ukamfukia na ndugu yako juu yake. Jana kosa hili lilikuwa lako peke yako, tena lilikuwa dogo, mama yako angelimaliza pale mjini. Leo limebebwa na Serafina, na magoti yangu, na nusura lininyime mwanangu. Ukikosa, mwanangu, sema mapema, kosa likiwa bado linatosha mikononi mwako."

Kokuhirwa aliitikia, ndiyo Bibi. Mama akasema adhabu yake wataizungumza jioni, baba yake akipiga simu, na kwamba atakayemweleza Baba habari yote tangu mwanzo ni Kokuhirwa mwenyewe. Kokuhirwa hakubisha. Jioni ile simu ilipoita, aliipokea yeye, na kabla Baba hajamaliza kusalimu, alikuwa amekwisha kuanza kusema kweli.