Wauza Maziwa wa Kayole na Mshauri wa Waziri

Kasiva aliuza maziwa Kayole, na mtaa mzima uliyajua maziwa yake. Alfajiri alikwenda Njiru kwa wafugaji. Watu walipoamka, yeye alikuwa amesharudi kibandani, mikebe imejaa. Wateja walikuja na sufuria, birika na chupa.

"Mama Wayua, nipimie kikombe," walisema, wakimwita kwa jina la mwanawe.

"Haya. Lakini uyachemshe kabla ya kunywa," Kasiva aliwajibu. Alimwambia hivyo kila mtu, hata wale waliokwisha kuchoka kusikia.

Mume wake, Muindi, alikuwa dereva wa lori. Kazi ya lori huja na kwenda, lakini kibanda cha maziwa hakikufungwa. Wageni wakija nyumbani, Muindi alipenda kusema, "Nyumba hii imesimama juu ya maziwa." Kasiva alijifanya hasikii, lakini moyoni alifurahi.

Asubuhi moja mwaka wa 1996, redio ilitangaza habari mbaya. Serikali ilikuwa inafikiria kupiga marufuku maziwa ya kupimwa mitaani. Mijini yangeuzwa maziwa ya pakiti tu, yanayotoka viwandani.

Kasiva aliweka kikombe chini. Mteja aliyekuwa mbele yake alikuwa Ruqiyo, jirani yake, ambaye naye aliuza maziwa ya ngamia.

"Umesikia, dada?" Ruqiyo aliuliza.

"Nimesikia. Sasa tutakula nini?"

Jioni hiyo wauza maziwa walikutana katika uwanja wa kanisa. Kelele zilikuwa nyingi. Wengine walitaka kuandamana hadi mjini. Obura, aliyeuza maziwa kwa baiskeli, alisimama akainua mkono.

"Jamani, mkono mtupu haurambwi. Tuchange kitu, tumpelekee mkubwa chai. Mambo yataisha."

"Na wenye viwanda wakimpelekea chai nzito kuliko yetu?" Ruqiyo aliuliza.

Obura akakaa chini.

Kasiva alimkumbuka mteja wake mmoja wa Buruburu, Mama Ndete. Mama huyo alifanya kazi wizarani miaka mingi, akiandaa mipango ya serikali, kabla ya kustaafu. Kesho yake Kasiva na Ruqiyo walikwenda kwake. Mama Ndete aliwakaribisha sebuleni, akasikiliza hadi mwisho.

"Kwanza, hakuna sheria bado," alisema. "Kuna pendekezo tu. Waziri ana kazi nyingi, hawezi kuchunguza kila jambo mwenyewe. Ana mshauri. Mshauri hukusanya maoni, kisha humwambia waziri lipi linafaa. Wa maziwa anaitwa Daktari Wathome."

"Ni daktari wa hospitali?" Kasiva aliuliza.

"Hapana. Amesoma mambo ya mifugo na uchumi. Sasa, chama cha wenye viwanda kimemwona mara kadhaa. Kimempelekea picha za mitungi michafu na habari za watu waliougua. Huo unaitwa ushawishi."

"Basi wamemhonga!" Ruqiyo alisema kwa hasira.

"La, mwanangu. Tusimsingizie mtu. Kushawishi si kuhonga. Ukimpa mshauri pesa ili aseme unavyotaka, hiyo ni hongo, na ni kosa. Ukimpa hoja na ushahidi waziwazi, hiyo ni haki yako. Wenye viwanda wametumia haki yao. Ninyi mmetumia yenu?"

Wale wanawake wawili walitazamana. Hawakuwahi kufikiri kwamba walikuwa nayo.

"Mshauri akisikia upande mmoja," Mama Ndete aliendelea, "atashauri kwa upande mmoja. Atawajuaje ninyi kama hamjaenda? Basi jiungeni muwe kundi. Chagueni wasemaji. Ombeni kumwona. Msiende kulia tu, pelekeni njia nyingine inayoweza kufanya kazi. Na jambo moja zaidi." Alimkazia macho Kasiva. "Maziwa yenu ni safi?"

"Yangu hayana doa, Mama Ndete!"

"Umeyapima?"

"Kwa macho tu," Kasiva alikiri.

Mama Ndete aliwatafutia afisa wa mifugo. Afisa huyo alifika Kayole na kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Maziwa yakiwa na maji, kipimo huzama zaidi. Wauza maziwa walikusanyika kutazama. Kasiva alijitokeza wa kwanza, kichwa juu.

Kipimo kilizama.

"Haya yametiwa maji," afisa alisema.

Kasiva alihisi uso unawaka moto. Alitaka kubeba mikebe yake aondoke. Badala yake alisema kwa sauti, "Sikutia maji mimi. Lakini ni mimi ninayeyauza, kwa hiyo lawama ni yangu. Nitajua yalikotoka."

Alfajiri iliyofuata alikwenda Njiru pamoja na afisa. Walipima maziwa ya kila mfugaji aliyemuuzia. Yenye maji yalikuwa ya Kyule, mfugaji aliyemwamini kuliko wote.

"Kiangazi kimekuwa kikali, Mama Wayua," Kyule alisema, akitazama chini. "Ng'ombe hawatoi."

"Ungeniambia hawatoi, ningekuelewa," Kasiva alimjibu. Tangu siku hiyo hakununua tena bila kupima.

Habari hiyo iliwaamsha wengine. Waliunda kundi, nalo likanunua kipimo chake. Waliokuwa wakitumia mitungi ya plastiki iliyobakiza uchafu kwenye pembe walianza kutafuta mikebe ya bati yenye mdomo mpana, inayooshwa mpaka ndani. Obura ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Lakini alipokubali, aliusugua mkebe wake hadi ukang'aa kama kioo.

Daktari Wathome alipokubali kuwaona, walikwenda wasemaji watatu: Kasiva, Ruqiyo na Obura. Mama Ndete alikataa kwenda nao. "Maneno ni yenu," alisema. "Yatasikika vizuri zaidi yakitoka kwenu."

Ofisi ilikuwa na zulia, na Obura hakujua aweke wapi miguu. Mshauri alikuwa mtu mpole, lakini maswali yake yalikuwa makali.

"Mtoto akiugua kwa sababu ya maziwa mabichi, nani atawajibika?"

"Ni swali la haki, Daktari," Kasiva alisema. "Ndiyo sababu tumekuja. Tulipima maziwa yetu. Yangu yalikutwa na maji."

Obura alishtuka, akamtazama Kasiva kana kwamba amepotewa na akili. Mshauri naye aliacha kuandika.

"Unaniambia hivyo mwenyewe?"

"Nakwambia kwa sababu tumelirekebisha. Ukitufukuza, maziwa hayataisha Kayole. Yatauzwa kwa kujificha, na hakuna atakayeyapima. Mwenye kipato kidogo hawezi kununua pakiti kila siku. Hununua kikombe. Tufundisheni, mtupime, mtupe vibali. Anayetia maji anyang'anywe kibali."

Mshauri alimgeukia Ruqiyo. "Na maziwa ya ngamia? Nasikia wengi huyanywa bila kuchemsha."

"Ni kweli," Ruqiyo alisema. "Ndivyo tulivyozoea. Lakini nimeanza kuyachemsha kabla ya kuuza. Wazee walinilalamikia, sasa wanayanywa."

Daktari Wathome alicheka kidogo. "Wenye viwanda hawakuniambia haya."

"Wangekuambiaje? Wao hawaishi Kayole," Kasiva alisema. "Njoo uone."

Na kweli alikuja. Alipima mkebe mmoja baada ya mwingine kwa mkono wake. Aliingia katika vyumba vya wapangaji, akaona maziwa yakichemka juu ya jiko. Alimuuliza kijana mmoja fundi kama hunywa maziwa mabichi.

"Zii, mkubwa," kijana alijibu, akitikisa kichwa na kumwonyesha Kasiva. "Huyu mathe hawezi kukuachilia na maziwa bila kukuambia uchemshe!"

Watu waliangua kicheko, na mshauri pia.

Halafu wizara iliita pande zote katika mkutano mmoja. Kasiva alivaa rinda lake la kanisani. Alikaa karibu na bwana mmoja wa viwanda aliyevaa tai.

"Mama, wewe unawakilisha kampuni gani?" bwana huyo aliuliza kwa adabu.

"Nawakilisha wauza maziwa wa Kayole," Kasiva alijibu.

Kila upande ulisema. Wenye viwanda walitetea marufuku, na hoja yao ya usafi ilikuwa nzuri. Kasiva alikubaliana nayo mbele ya wote, kisha akaeleza namna ya kuufikia usafi huo bila kuua biashara ya watu. Baadaye mshauri alitoa ushauri wake kwa waziri: kusiwe na marufuku. Wauzaji wafundishwe, wapimwe na wapewe vibali. Mitungi ya plastiki isitumike. Waziri alikubali.

Redio ilipotangaza, vigelegele vilisikika kutoka kibandani hadi barabarani. Muindi aliegesha lori kando, akashuka akikimbia.

"Mama Wayua! Ni wewe wanayekusema?"

"Ni sisi," Kasiva alisema. "Sema sisi sote."

Mafunzo ya kwanza yalifanyika katika ukumbi wa kanisa pale Kayole. Waliohudhuria walikuwa wengi, hata wafugaji wa Njiru, na Kyule akiwa mmoja wao. Afisa wa mifugo alifundisha magonjwa. Ilipofika zamu ya kupima maziwa, alirudi nyuma akampisha mwalimu mwingine.

Kasiva alisimama mbele, akakiinua kipimo ili wote wakione.

"Mimi nilianguka mtihani huu mara ya kwanza," alisema. "Sogeeni karibu, niwaonyeshe jinsi ya kufaulu."