Sumu Isiyonuka

Kila alipotoka shule, Kiherehere alianza kusikia cherehani ya mama yake kabla hajafika mlangoni. Mama alikuwa fundi nguo, na alishonea nyumbani, katika chumba cha mbele. Kiherehere ni jina la utani ambalo binti alipewa na baba yake, kwa maswali yake yasiyokwisha.

Siku hiyo kulikuwa na baridi na manyunyu. Cherehani ilikuwa kimya.

"Hodi! Shikamoo, mama!"

Hakujibiwa. Alisukuma mlango, akapigwa na butwaa. Mama alikuwa amelaza kichwa juu ya cherehani, mkono mmoja ukining'inia.

"Mama! Amka, mama!"

Mama alifumbua macho kidogo, akanong'ona maneno yasiyoeleweka. Kiherehere alipiga yowe. Mama jirani alikuja mbio, mikono imejaa povu la sabuni, wakamburuta mgonjwa hadi barazani. Huko alitapika, kisha akauliza kwa sauti dhaifu, "Kwani nimefanyaje?"

Hospitalini aliwekewa mashine ya kumsaidia kupumua. Baba alifika moja kwa moja kutoka kwenye karakana yake ya useremala, vumbi la mbao limejaa nyweleni.

"Huwa anaumwa kichwa akiwa nyumbani, halafu akitoka anapata nafuu?" daktari aliuliza.

"Ndiyo. Tukadhani ni macho, kwa kushona sana."

"Si macho. Amevuta hewa yenye sumu. Msilale katika nyumba ile mpaka mjue inatoka wapi."

Kesho yake shangazi, dada yake baba, ambaye ni muuguzi, alikuja kusaidia kutafuta. Walifungua milango na madirisha yote kwanza. Shangazi alipaka maji ya sabuni kwenye mpira wa jiko la gesi, aone kama unavuja. Hakuna kipovu kilichotokea. Makopo ya rangi stoo yalikuwa yamefungwa barabara. Kiherehere naye alinusa kila kona kama paka aliyesikia harufu ya samaki.

"Shangazi, mbona hakuna kinachonuka?"

"Ipumzishe hiyo pua, mwanangu. Hewa ninayoiogopa haina harufu wala rangi. Hebu niambie, mama yako alikuwa akifanya nini siku ile?"

"Alikuwa anashona na kupiga pasi magauni ya wateja."

"Pasi gani?"

Kiherehere aliinama, akaivuta kutoka chini ya meza. Ilikuwa pasi ya mkaa, imejaa majivu. Shangazi alishusha pumzi.

"Na dirisha lilikuwa limefungwa?"

"Ndiyo, kwa sababu ya baridi," baba alijibu. "Lakini kuna matundu ya hewa pale juu ya..."

Hakumaliza. Matundu yalikuwa yamezibwa kwa ubao uliopigwa misumari vizuri, ukapakwa rangi ileile ya ukuta. Baba alikaa chini sakafuni, uso umemparama.

"Ni mimi," alisema. "Niliziba ili mbu wasiingie, nikajisifu kwamba nimewakomesha. Kumbe nilikuwa namfungia mke wangu na sumu."

Mama jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, alishangaa.

"Yaani mkaa? Hata usiotoa moshi?"

"Hata huo," shangazi alijibu. "Ukishakolea ukawa mwekundu, watu hudhani hauna madhara. Kumbe ndio unaoua."

Vikombe vilianguka vikavunjika. "Mwanangu! Nimemwekea jiko chumbani aote moto!"

Walikimbia wote hadi nyumba ya jirani. Baba alisukuma mlango kwa bega, akamtoa mtoto nje, kichwa kikiyumba begani kwake. Kisha mtoto akakohoa, akaanza kulia kwa nguvu, na mama yake akaketi chini akilia naye. Walimpeleka hospitali papo hapo.

Mama yake Kiherehere aliporudi nyumbani, ubao ulikuwa umeng'olewa, wavu wa mbu umewekwa mahali pake, na meza ya pasi imehamia barazani. Shangazi aliwaita watoto wa nyumba zote mbili, yule wa jirani aliyepona akiwamo.

"Mkaa unaowaka haukai ndani ya chumba kilichofungwa, uwe kwenye pasi au kwenye jiko," aliwaambia. "Mkianza kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu mkiwa ndani, tokeni nje kwanza, sababu mtaitafuta baadaye. Na msingoje harufu. Sumu hii haipigi hodi."